Kabla Tarehe Haijakuamulia

Kila ifikapo Julai, mabasi ya Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro yanaposhusha wanafunzi wa vyuo hapa Kigoma, simu yangu huanza kupokea matangazo. "Shikamoo dada. Naomba usome hili unishauri." Ufadhili wa China, wa Uturuki, wa Hungary, muhula mmoja Ujerumani, shahada ya pili Ubelgiji. Mimi nafanya kazi ya utafiti wa samaki wa Ziwa Tanganyika. Shahada ya kwanza niliisomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya pili nikaisomea Ubelgiji, kisha nikarudi nyumbani Ujiji. Ndiyo maana naulizwa.

Maswali ya baridi, chakula na upweke nayajibu upesi, kwa sababu kila aliyekwenda ana majibu yanayofanana. Linaloniumiza ni jingine. Wengi wa vijana hawa hawaamui kwenda, wala hawaamui kubaki. Kijana analihifadhi tangazo kwenye simu. Hamwambii mzazi kwa kuwa anaona bado ni ndoto. Hamwulizi mhadhiri kwa kuwa anaona haya. Anasubiri matokeo ya muhula yatoke, anasubiri sapu, ile mitihani ya marudio, ziishe, anasubiri apate pasipoti, na tarehe ya mwisho inapita. Mwakani linatoka tangazo jingine na mambo yanakwenda vilevile mpaka siku anavaa joho. Ukimwuliza atakwambia hakubahatika. Lakini hakuna aliyemnyima. Tarehe ndiyo iliyomwamulia.

Mwenye kukaa akafikiri, akauliza, akasema "siendi", namheshimu sawasawa na aliyekwenda. Mimi mwenyewe nimewahi kusema siendi, na baadaye nikasema naenda, na maamuzi yote mawili nayasimamia mpaka leo. Nayaeleza hapa jinsi yalivyofanyika, kwa sababu matangazo hayaelezi.

Tangazo la kwanza nililiona kwenye ubao wa idara nikiwa mwaka wa pili. Muhula mmoja Sweden, nafasi kwa wanafunzi wachache wa idara yetu. Nauli ya ndege ingelipwa, na fedha ya kujikimu ingetolewa kila mwezi. Ada hakuna, maana ulikuwa mpango wa kubadilishana: wao wanaleta wanafunzi wao, sisi tunapeleka wetu, na kila mmoja anaendelea kuwa amesajiliwa chuoni kwake. Nililisoma nimesimama, nikalisoma tena. Mtoto wa Ujiji ambaye ndege alikuwa anaziona zikitua uwanja wa Kigoma tu, leo anaambiwa apande moja mpaka Ulaya.

Nilikwenda kwa mhadhiri aliyekuwa mshauri wangu wa masomo. Nilitegemea aniambie nenda au usiende. Akaniambia, "Hilo usiniulize mimi. Chukua orodha ya kozi zao, uiweke kando ya kozi zetu za mwaka wa tatu, halafu njoo nayo."

Nilikaa maktaba na zile orodha mbili, na humo ndimo nilimojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Muhula wa vuli wa Sweden huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika katikati ya Januari. Sisi Agosti tunakuwa field, yaani mafunzo kwa vitendo, na mwaka wetu wa masomo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo ningekatisha field kabla haijaisha, kisha ningekosa karibu muhula wote wa kwanza wa mwaka wa tatu, na kurudi wenzangu wakiwa wanajiandaa na mitihani. Ili nisirudi nyuma, kila kozi ambayo ningeikosa hapa ilitakiwa iwe na kozi ya kule inayoibeba. Nyingi zilikuwa nazo. Takwimu za uvuvi na mbinu za utafiti hazikuwa nazo, walau si katika muhula ule. Na hizo zilikuwa kozi za lazima. Maana yake ni kwamba ningeahirisha, na kuhitimu mwaka mmoja baada ya wenzangu.

Nilipita pia dirisha la mikopo pale chuoni kuuliza, nikiahirisha, bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, litakuwaje. Niliandika swali langu kwenye karatasi nikaomba nijibiwe kwenye karatasi. Hili nawasisitizia sana vijana wanaokuja kwangu. Jibu la mdomo la mtu wa dirishani leo, kesho halina mwenyewe.

Nikampigia mama. Alikuwa mwaloni Kibirizi, msimu wa dagaa, sauti za wachuuzi zimemzunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mambo haya hayasemwi kwenye simu, mwanangu. Mkifunga, njoo."

Kikao kilifanyika sebuleni kwa bibi, Ijumaa baada ya swala. Baba alikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa baba mkubwa. Walikuwepo shangazi, mjomba, mama, na bibi mwenyewe kwenye mkeka wake. Nafahamu wapo wasomi wanaoona vikao vya namna hii vinamzuia kijana. Mimi naona tofauti, na nina sababu. Wale watu wazima waliuliza maswali ambayo tangazo halikuyajibu na ambayo mimi peke yangu nisingeyafikiria.

Baba mkubwa aliuliza, "Huko utakuwa chini ya nani?" Nikamweleza habari za ofisi ya wanafunzi wageni. Bibi aliuliza nikiumwa nani atanipikia uji. Wakati ule niliona ni swali la bibi tu, lakini ukilitazama vizuri ni swali la bima ya afya: analipia nani, inaanza siku gani, na inagusa nini. Shangazi alitaka kujua kama kuna Waislamu na kama nyama ya kula itapatikana. Mjomba, ambaye kwake kuvuka kwenda Kalemie na Bujumbura ni kazi ya kila msimu, hakushangazwa hata kidogo na neno nje. Alisema, "Anayevuka ziwa bila kujua bei ya ng'ambo anakwenda kutembea. Wewe unakwenda kuleta nini?"

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Hicho wanachofundisha kule, huku hakipo?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitaona dunia, Kiingereza changu kitanyooka, na wasifu wangu utapendeza kwa waajiri. Mama hakunikejeli. Alisema kuona dunia ni jambo jema, ila je, ni jema kiasi cha kulilipia kwa mwaka mzima wa masomo?

Nilirudi Dar es Salaam nikaandika barua ya kushukuru na kuiachia ile nafasi. Aliyeipata alikuwa mwenzangu aliyechagua mkondo wa ufugaji wa samaki. Kozi zake zililingana karibu zote, na alichokwenda kukisoma ni mifumo ya kufuga samaki kwa maji yanayozungushwa na kusafishwa, jambo ambalo kwetu wakati ule tulilisoma kwenye vitabu bila kuona mtambo wenyewe. Alikwenda, akarudi, akamaliza nasi mwaka uleule. Tangazo lilikuwa moja. Kwangu jibu sahihi lilikuwa hapana, na kwake ndiyo, na tofauti ilitoka kwenye zile orodha mbili za kozi. Ujasiri wala mapenzi ya nchi havikuhusika.

Kwa kuwa nilibaki, field niliifanya nyumbani, kwenye kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, hapa Kigoma. Asubuhi tulikuwa tunapima dagaa na migebuka walioletwa na boti za usiku, tunaandika urefu, uzito na hali ya mayai. Siku moja niliuliza, samaki wa ziwa hili walikuwa na urefu gani zamani, kabla ya taa za sola na kabla ya nyavu zote hizi? Kuna sampuli zao mahali? Mtafiti mmoja mzee akaniambia zipo, ila ziko mbali. Wabelgiji walifanya uchunguzi mkubwa wa ziwa zima mwaka 1946 na 1947, na samaki waliokusanywa, ambao wengi walichambuliwa na mtaalamu aliyeitwa Max Poll, baadhi yao wamehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, karibu na Brussels.

Mzee yule alinisimulia pia habari za wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakija hapo kila mwaka kuanzia 1998, katika mafunzo yaliyoitwa Nyanza Project, chini ya mtaalamu kutoka University of Arizona. Walikaa pamoja na wanafunzi wa Kiafrika kujifunza jiolojia ya ziwa, samaki na konokono wake, na matope ya chini yake. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, na matope hayo yana kumbukumbu za hali ya hewa za miaka mingi mno. Kwa vijana wale, kusoma nje kulimaanisha kuja Kigoma. Na kabla yao, Julai 1960, Jane Goodall alifika Gombe akiwa na umri wa miaka 26 bila hata shahada ya kwanza, akaanza kuwatazama sokwe, na maswali aliyoyaokota kwenye misitu yetu ndiyo aliyoyapeleka Cambridge akapewa shahada ya uzamivu.

Jambo hilo lilikaa ndani yangu. Watu wanavuka bahari kuja kusomea kwenye ziwa ambalo mimi nilioga ndani yake tangu utoto, na mimi nilikuwa nataka kuvuka bahari bila kujua nafuata nini. Hata Mwalimu Nyerere, ambaye wengi humtaja kama mfano wa aliyekwenda nje, hakuruka kutoka darasani kwenda ndege. Alisoma shule ya serikali ya Tabora, akaingia Makerere mwaka 1943, kisha akarudi Tabora kufundisha St. Mary's. Edinburgh alikwenda 1949, akiwa mtu mzima aliyekwisha kusimama mbele ya wanafunzi kwa miaka kadhaa, akapata shahada yake 1952. Sisemi kila mtu afuate njia hiyo. Nasema kukaa nyumbani kwanza hakukumpunguzia kitu.

Safari ya kwenda Ubelgiji ilipofika, baada ya kuhitimu na kufanya kazi kidogo, kikao cha pili kilikuwa kifupi. Mama aliuliza swali lake lilelile. Nikamjibu, "Hakipo huku, mama. Samaki wa ziwa letu wa kabla ya Uhuru wako kule kwenye chupa." Baba mkubwa alicheka sana, kisha akasema, "Basi nenda ukawasalimie."

Sasa niseme kuhusu makaratasi, kwa sababu hapa ndipo vijana wa mikoa ya mbali wanapokwama, na wanakwama kimyakimya.

Kwa mtu wa Kigoma, safari ya pasipoti inaanzia kwa babu. Unahitaji cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kinachosimama badala yake. Wazazi wetu wengi walizaliwa nyumbani, hawana cheti. Sisi tunaokaa mpakani na Burundi na Kongo, wenye majina ya Kiha, Kibembe na Kimanyema, tunaulizwa na babu alizaliwa kijiji gani, alizikwa wapi, nani anamfahamu. Sikulichukia swali hilo, lakini linataka muda. Linataka mjomba afunge safari kwenda kijijini kumtafuta mzee anayekumbuka. Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000, na kijana anayejibana anaweza kuzipata. Muda wa kumtafuta yule mzee huwezi kuununua wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepita kwangu, hata asiyefikiria kwenda popote, namwambia likizo hii afuatilie cheti cha kuzaliwa cha baba yake.

Halafu kuna mtihani wa Kiingereza. Ada yake inazidi laki tano, unafanyikia mbali na hapa, na matokeo yake yanatambuliwa kwa miaka miwili tu. Kabla hujaulipia, kiulize chuo unachoomba kama kinakubali barua kutoka chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Vipo vingi vinavyokubali. Mimi niliuliza nikakubaliwa, na fedha ile ikawa nauli ya Dar es Salaam ya kufuatilia viza. Maana viza nayo haifiki Kigoma: ubalozi uko Dar es Salaam, karibu kilomita 1,250 kwa reli, na unaitwa zaidi ya mara moja. Ongeza cheti cha daktari, cheti cha polisi kwamba huna kesi, transkripti iliyothibitishwa, na hati ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje.

Gharama zote hizi zinakuja kabla mfadhili hajatoa hata senti moja. Mwenzako wa Dar es Salaam anapanda daladala kwenda ubalozini. Wewe unapanda basi usiku na mchana. Kijana wa Kasulu au Kibondo anayekwambia "ufadhili ulikuwa kamili lakini nikashindwa" mara nyingi anamaanisha hivi, na anaona aibu kulisema.

Mimi nilichangiwa. Mama aliuza mzigo wa dagaa mapema kuliko alivyotaka, mjomba akatoa, wanawake wa kikundi cha mama wakatoa elfu kumi kumi na wengine tano. Nawaombea dua mpaka leo. Lakini mchango una haki zake. Aliyekuchangia ana haki ya kuuliza umefika wapi, na ana haki ya kukutegemea. Kabla hujapokea, waambie wazi unakwenda kwa muda gani, utapokea kiasi gani cha kujikimu, na kwamba fedha hiyo ni ya kodi ya chumba na chakula. Mama alinisaidia kusema hivyo mbele ya watu, nikiwa bado nipo. Nilipokuwa kule sikupata simu za kuombwa fedha kama walizokuwa wanapata wenzangu, na nina hakika ni kwa sababu ya maneno yale.

Ubelgiji kwenyewe nitasema machache. Baridi ni baridi. Vyumba ni vidogo. Waalimu wanataka ubishane nao, na mtu aliyelelewa kumnyamazia mkubwa inamchukua muda. Mawese nilikuta yanauzwa kwenye maduka ya Wakongo, nikalia kwa furaha. Kilichonibeba ni kwamba nilikwenda na swali. Siku niliporuhusiwa kuingia kwenye stoo za Tervuren na kuona mitungi ya samaki wa Tanganyika, rafu baada ya rafu, nilijua natafuta nini. Ziwa letu lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine duniani, na pale nilisimama mbele ya kumbukumbu yao. Niliwahi kuulizwa kama niliumia kuvikuta vitu vyetu huko. Ndiyo, niliumia. Na nilijifunza kuvipima, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya sasa hapa nyumbani nikilinganisha na samaki wanaoshushwa Kibirizi na Katonga.

Nilisoma na kijana mmoja kutoka nchi nyingine ya Afrika, mwenye akili kunizidi. Yeye alichagua kozi kwa sababu ufadhili ulikuwa upo. Ilipofika wakati wa kuchagua mada ya tasnifu, hakuwa na mahali pa kuanzia. Alimaliza, tena kwa alama nzuri, lakini mwaka ule wote alikuwa akiniuliza, "Wewe ulijuaje?" Nilimweleza habari za kikao cha kwanza na swali la mama.

Vijana wa sasa wana mambo ambayo sisi hatukuwa nayo. Mwanafunzi mmoja wa Dodoma alinijia amejaa matumaini kwamba Ujerumani vyuo vya umma havitozi ada. Ni kweli kwa vingi, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Alichokuwa hakijui ni kwamba asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha fedha ya kujikimu ya mwaka mzima, na njia ya kawaida ni kuiweka kwenye akaunti maalumu anayoruhusiwa kuchota kidogokidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904, ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Nilimwonyesha, akakaa kimya, kisha akabadilisha mwelekeo na kuanza kutafuta ufadhili badala ya udahili mtupu. Niliona ni uamuzi wa mtu mzima.

Wengine wanaletwa na mawakala. Wapo wanaofanya kazi yao kwa uaminifu. Lakini nimekaa na mzazi aliyelipa ada ya wakala kwa ajili ya binti yake kusoma udaktari, na hakuna aliyekuwa amemwambia aulize Baraza la Madaktari Tanganyika linataka nini kwa mhitimu wa nje, wala TCU inakitambuaje chuo kile. Shahada isiyotambuliwa hapa ni miaka mitano imezama. Mambo haya yanaulizwa kabla ya kulipa, na mzazi anaweza kuyauliza mwenyewe bila wakala.

Wazazi nao wameanza kuuliza habari za vita, na wana haki. Februari 2022 Ukraine, Aprili 2023 Khartoum: vijana wa Kitanzania walilazimika kuondoka na kuacha masomo njiani. Sitawaambia watu waogope dunia. Nawaambia waulize chuo kina utaratibu gani mwanafunzi akilazimika kuondoka, na wahakikishe matokeo ya kila muhula yanachukuliwa na kutunzwa nyumbani pia.

Na mkopo usisahaulike. Aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo hapa, akienda nje deni linamngoja. Atakapoajiriwa litakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Ni vizuri liwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na lile la wajomba.

Mwaka 2024 mpwa wangu, wa mwaka wa pili chuoni Morogoro, alipata nafasi ya muhula mmoja Ulaya. Zile orodha mbili za kozi alizilinganisha mwenyewe, zikakubali. Field yake ilipangwa upya kwa idhini ya idara. Kilichokwamisha ni utaratibu wa malipo: anunue tiketi na alipie viza, kisha arudishiwe akishafika. Baba yake ni mvuvi, na mwaka ule ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Mimi kwa kazi yangu naliunga mkono zuio hilo kwa moyo wote. Nyumbani kwa shemeji yangu lilimaanisha miezi mitatu bila shilingi ya ziwani. Mpwa wangu alikwisha kuanza kunyamaza, unajua ule unyamavu wa kuiachia tarehe ipite. Nilimwambia aandike. Akawaandikia wenyeji wake barua ya Kiingereza iliyonyooka, akieleza kwamba familia yake inaishi kwa uvuvi, ziwa limefungwa kwa amri halali, na kwamba hawezi kutanguliza fedha. Walijibu kwamba tiketi watanunua wao. Hawakuwa wamewahi kufikiria kwamba kuna mwanafunzi asiyeweza kutanguliza. Angenyamaza, wangeandika tu kwamba hakujitokeza.

Alikwenda, amerudi, yuko mwaka wa mwisho sasa. Amenisaidia kuandika majibu kwa wengine, na yeye hujibu vizuri kuliko mimi yale maswali ya baridi.

Wiki hii aliyeko mezani kwangu ni binti wa jirani, mwaka wa pili Dar es Salaam, anasomea lugha na isimu. Tangazo lake ni la mwaka mzima China, kujifunza Kichina. Anachotaka ni kuwa mkalimani, kwa hiyo swali la kama huku kipo au hakipo linamgusa kwa namna yake: Kichina kinafundishwa hapo hapo chuoni kwake, lakini kuishi na wanaokisema ni jambo jingine. Mama yake anataka aende. Babu yake hataki. Idara haijamjibu kama mwaka huo utamrudisha nyuma. Pasipoti hana, ila cheti cha baba yake kipo, na mzee wa kijijini aliyemfahamu babu yake mkuu bado yu hai. Tarehe ya mwisho ni mwisho wa mwezi ujao. Kikao chao ni Jumamosi baada ya Adhuhuri, na nimeombwa nifike na kalenda za vyuo vyote viwili, ili babu azione mwenyewe.